Kipimo cha Machi

Miaka thelathini na mmoja nimeshika futikamba
katika duka la mlango mmoja, hapa Suwałki,
mji ambao Machi bado ni theluji
na wateja hukung'uta viatu kabla ya kuvua koti.
Mimi hushona sidiria.
Msicheke. Kuna fundi wa kufuli, kuna fundi wa saa,
na kuna mimi,
ninayejua kwamba hakuna mwanamke mwenye matiti pacha:
moja daima ni dada mkubwa.

Nimeona yanayojaa kila mwezi kisha yakatulia,
yenye vinundu kama mbaazi siku mbili kabla ya hedhi,
yaliyonyonyesha watoto watano yakachoka kwa haki,
na ya binti wa miaka kumi na mitatu anayetazama dari
huku mama yake akijibu maswali yote.
Mwili nao una majira yake. Mengi ni hayo tu.

Lakini Bi Otylia nina daftari lake.
Alifundisha kemia; anapenda namba.
Kila Machi namwandika: juu, chini, kushoto, kulia.
Mwaka huu aliinua mikono nimzungushie futikamba
na kushoto, kando ya chuchu, ngozi ikabonyea,
kama kitambaa ambacho uzi mmoja
umekazwa mno kwa nyuma.
Akashusha mikono, kishimo kikatoweka.
"Inua tena," nikasema.
Kikarudi.

"Ni uzee, Bogumiła. Wala hapaumi."

Hapaumi!
Kana kwamba mgeni wa aina hiyo hupiga hodi.

Nikatema pini zote kiganjani
nikamwambia asichoambiwa mteja:
hii sishoni.
Mimi si daktari, sijui ni nini, pengine si kitu,
ila ngozi inayobonyea au kukwaruza kama ganda la chungwa,
chuchu iliyokuwa nje ikaingia ndani,
doa la damu kwenye nguo,
gumba gumu lisiloondoka, liwe titini au kwapani,
hayo hayangoji theluji iyeyuke.
Akakasirika. Akafunga vifungo kombo, akaondoka
bila glavu.

Usiku ule nikasimama mbele ya kioo changu
ambacho kwa miaka kimeona mgongo wangu tu.
Vidole vitatu, bapa, viduara vidogo vidogo hadi kwapani.
Nimepima vifua vya nusu ya mji
na changu kilikuwa mtaa nisioujua.
Kulia, chini: kitu kama zabibu,
kikateleza.

Siku tisa nilingoja miadi.
Nilishona vibaya. Nilifumua. Nilimkaripia paka.
Daktari kijana aliomba radhi kwa mikono yake ya baridi,
akapaka jeli, akatazama kijivu cha skrini
muda mrefu kuliko nilivyoweza kuzuia pumzi.
"Mfuko wa maji. Hauna ubaya. Umefanya vema kuja."
Nikavaa sidiria yangu nje ndani
na sikujali.

Koridoni, kiti cha tatu, Bi Otylia,
bahasha ya kahawia mapajani.
Furaha yangu nikaikunja upesi,
kama mtu afichaye mkate mbele ya mwenye njaa.
Hakunitazama.
"Milimita kumi na moja," akasema. "Wanasema nimewahi."
Kisha, kwa sauti ile ya darasani:
"Kaa."

Nikakaa.
Mwanamume mmoja alipita akisukuma ndoo na fagio.
Sikuwa na neno; futikamba haipimi hayo.
Nikatia mkono mfukoni mwa koti
nikatoa glavu zake, za sufu, zilizotatizwa vidole viwili.
Akazipokea, akazigeuza,
akavaa ya kushoto kwanza.